Namba Saba Haifutwi

Barua iliniagiza mambo matatu: niifute mashine namba saba kabla ya saa nne asubuhi ya Jumatano, nisaini fomu ya kuthibitisha kwamba nimeifuta, kisha nimkabidhi Injinia funguo za chumba cha seva. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimeketi. Halafu nikachukua kalamu nyekundu nikasahihisha makosa mawili ya tahajia, kwa sababu barua ya ofisi ni barua ya ofisi hata kama imekuja kukuondoa. Chini yake nikaandika, "Nimeipokea. Sitafanya." Nikatia saini na tarehe, nikatoa nakala mbili. Moja nikaipeleka mwenyewe kwa katibu wa Mkurugenzi, nyingine nikaitia kwenye faili langu.

Katibu aliisoma palepale, akanitazama juu ya miwani. Akaniuliza kama nina hakika nataka karatasi ile ifike mezani kwa mkubwa jinsi ilivyo. Nikamwambia aigonge muhuri wa kupokelewa.

Nina umri wa miaka sitini na minane. Niliingia hospitali hii nikiwa mpagazi wa stoo, kazi yangu kubeba mitungi ya oksijeni na marobota ya pamba, na cheti nilichokuwa nacho kilikuwa cha shule ya msingi. Nilipofika miaka thelathini na tisa nikaanza masomo ya jioni. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakikaribia kidevu, watu wazima wenye ndevu tukisahihishiwa hesabu za sehemu. Nikamaliza sekondari, nikaendelea na kompyuta, na tangu hapo haujapita mwaka ambao sikusoma somo fulani. Mke wangu huwaambia wageni kwamba nimeoa wake wawili, yeye na shule, na kwamba mwenzake ndiye aliyepewa jioni zote.

Siku hospitali iliponunua seva yake ya kwanza, waliouza waliishusha na boksi lake, wakasema fundi wa kuisakinishia programu atakuja baada ya wiki mbili. Baada ya miezi miwili fundi alikuwa bado anakuja. Nikaomba ruhusa ya kujaribu. Jumamosi na Jumapili moja niliisakinisha programu ile mara kumi na moja. Mara ya kumi ilikubali kila kitu, ila nikasahau neno la siri nililoliweka mwenyewe, ikabidi nianze upya. Kila hatua niliiandika kwenye daftari kwa mkono wangu, pamoja na kila kosa. Daftari hilo lilizaa jingine, na sasa ninayo matano.

Kwa asiyejua, nitaeleza kama ninavyowaeleza wauguzi. Seva yetu ni kompyuta moja nzito, ya kubebwa na watu wawili. Ndani yake kuna programu inayoigawa. Ni kama nyumba ya wapangaji: paa moja, mita moja ya umeme, lakini kila mpangaji ana mlango wake, na huku kila mmoja anaamini kwamba nyumba nzima ni yake. Wapangaji hao ndio mashine pepe. Huwezi kuishika hata moja kwa mkono, ila kila moja inafanya kazi kama kompyuta iliyo mezani kwako. Tunazo tisa. Namba moja inatunza kadi za wagonjwa, namba mbili ni ya maabara, namba tatu ni ya duka la dawa, na zile nyingine zina idara zao. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa nyumba. Makarani wananiita Babu Seva, nami sijawahi kuwakataza.

Namba saba ni rejista ya vizazi. Zamani ilikuwa kompyuta kamili, ikikaa chini ya meza ya karani wa dirisha la uzazi, mama mmoja mwenye mihuri mingi kuliko ofisi yoyote niliyowahi kuingia, ndiyo maana anaitwa Bi Mihuri. Feni ya kompyuta ile ilianza kulia kama paka aliyefungiwa kabatini. Programu yenyewe ilikuwa ya kale, aliyeitengeneza alikwisha fariki, na haikubali kufunguka mpaka kifunguo kidogo cha plastiki kiwe kimechomekwa nyuma ya mashine. Hakuna aliyetaka kuigusa. Nilitumia siku nne kuyachukua yaliyomo yote, bila kupunguza hata herufi, nikayatia ndani ya seva yakawa mashine pepe, na kifunguo nikakichomeka kwenye seva. Siku ya tano Bi Mihuri akawasha, akaikuta rejista yake ileile yenye rangi ileile ya bluu. Aliniuliza nilichobadilisha ni nini. Nikamjibu, hakuna. Sijawahi kupata sifa kubwa kuliko swali lile.

Ndani ya namba saba wamo watoto elfu sitini na moja, mia nne na wanane. Vitabu vya karatasi vya miaka hiyo viliharibika siku paa la masjala lilipovuja, kurasa zikagandamana kama matofali. Kwa hiyo aliyezaliwa kwetu miaka ile, akitaka kuthibitisha kwamba alizaliwa, ushahidi wake uko humo tu. Wanakuja kila wiki. Siku chache kabla ya barua alikuja dereva wa lori, pande la mtu, akajaza dirisha zima. Bi Mihuri akaandika tarehe, akampata: mvulana, kilo mbili kasorobo, saa tisa mchana. Dereva akacheka mpaka foleni nzima ikacheka naye, akasema hiyo kilo mbili kasorobo siku hizi ni kifungua kinywa chake.

Hao ndio niliotakiwa kuwafuta.

Injinia si mtu mbaya. Niseme hilo mapema, kwa sababu nilipokuwa na hasira nilisema mengine. Aliletwa na kampuni iliyopewa mkataba, kijana wa miaka thelathini na kitu, shati limepigwa pasi, na kila asubuhi alinipa shikamoo yake kamili kabla ya kunipuuza. Huko alikotoka, mashine zote zilikuwa za kukodi na zilikaa katika jengo la watu wengine. Ukibonyeza kitufe cha kupiga picha ya mashine, wenye jengo wanachukua nakala nzima na kuiweka mahali pengine, na hata ukiifuta mashine yenyewe, nakala ile inabaki. Akaja kwetu, akakiona kitufe kinachofanana, akakipenda. Akapanga kila Jumatatu mashine zote tisa zipigwe picha zenyewe. Nilikuwa na utaratibu wa kunakili kila kitu kwenye diski ya akiba siku ya Ijumaa, kisha diski ile kulala kwenye kabati la chuma upande wa pili wa hospitali. Akaufuta. Alisema kazi mbili za nini wakati picha zipo. Diski akaipeleka kwenye kamera za getini. Niliandika barua mbili kuidai. Hazikujibiwa.

Kwetu picha haiwi hivyo. Ukipiga picha, programu haichukui nakala ya kitu chochote. Inachofanya ni kulifunga daftari la mashine lisiandikwe tena, na kuanzia hapo kila jambo jipya linaandikwa kwenye karatasi za pembeni. Ukipiga picha nyingine, karatasi zile nazo zinafungwa, zinaanza nyingine. Daftari na karatasi vyote vimo ndani ya kabati lilelile. Ukilitupa daftari, karatasi za pembeni hazina maana, ni kama mtu aliyeanza kusimulia kisa kutoka katikati. Na kadiri Jumatatu zinavyopita, kabati linajaa.

Baada ya miezi saba lilikuwa limejaa. Nafasi iliyobaki kwenye diski ilikuwa sehemu nne kwa mia. Ikifika sifuri mashine zote tisa zinasimama kwa pamoja, kadi, maabara, dawa. Injinia aliona hatari hiyo sawasawa na nilivyoiona mimi. Tofauti yetu ilikuwa kwenye anayelaumiwa. Yeye alimwambia Mkurugenzi kwamba namba saba ni kikongwe kinachokalia nafasi, kwamba programu yake haina mwenyewe, na kwamba ni mlango wazi kwa wezi wa mtandaoni. La mwisho lilikuwa na ukweli kidogo, ndiyo maana niliifungia namba saba isitoke nje ya dirisha la uzazi. La kwanza halikuwa na ukweli hata kidogo. Namba saba ndiyo ndogo kuliko zote.

Mkurugenzi aliniita siku ileile nilipopeleka jibu langu. Ni mama mwenye umri wa mwanangu wa pili, amekuja mwaka jana, na anazunguka wodi kwa miguu yake badala ya kusubiri taarifa. Karatasi yangu ilikuwa mbele yake, na wino wangu mwekundu.

"Mzee wangu," alisema, "hii ni nini?"

"Ni jibu, mama."

"Jibu la agizo huwa ni ndiyo."

"Agizo la kuwafuta watu elfu sitini jibu lake ni hapana."

Akaegemea kiti. Hakupandisha sauti, na hilo lilinipa shida zaidi, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Akaniambia hakuna anayefutwa. Injinia amemhakikishia kwamba namba saba ina picha thelathini, na siku ikihitajika watairudisha kutoka kwenye picha yoyote watakayoipenda.

Sentensi ile niliijua. Niliwahi kuisema mwenyewe, katika chumba kilekile cha seva, bila mtu wa kunisikia.

Nilimwambia picha zile zitakufa pamoja na mashine. Akaniuliza nimelijuaje hilo. Nikasema nimesoma. Alitikisa kichwa, akasema Injinia naye amesoma, tena ana vyeti, na kwamba Jumatano saa nne kamati itakaa kushuhudia ufutaji na ninaweza kuzungumza hapo. Nilipofika mlangoni akaniita tena.

"Njoo na ushahidi, mzee wangu. Usije na umri."

Nilitembea hadi nyumbani nikiwa nimekasirika, na sehemu kubwa ya hasira ile ilikuwa juu yangu mimi mwenyewe. Sebuleni kwetu, juu ya kabati la vyombo, kuna fremu ya mbao niliyoichonga kwa mkono, kioo chake nilikikata mwenyewe. Ndani yake kulikuwa na cheti cha mfanyakazi bora nilichopewa miaka sita iliyopita. Mwaka ule namba nne, mashine ya wodi, ilipoteza kumbukumbu za siku tatu: nani amelazwa, amepewa dawa gani, kitanda kipi. Nilikaa na makarani wiki tatu tukiingiza upya kutoka kwenye vipande vya karatasi, chati za vitanda, hata maandishi ya mikononi mwa wauguzi. Hatukumpoteza mtu. Hospitali ikanipigia makofi ukumbini. Ripoti ilisema chanzo ni hitilafu ya umeme, na ripoti niliiandika mimi.

Umeme ulikatika kweli wiki ile. Lakini haukuhusika. Nilikuwa nimeipiga namba nne picha, nikafanya marekebisho, yakaharibika. Nikaona njia ya mkato ni kuifuta mashine iliyoharibika na kuirudisha kutoka kwenye picha. Nikafuta. Nikafungua orodha ya picha, nikaikuta tupu. Nakala yangu ya Ijumaa ilinisaidia kwa yote ya nyuma, ila siku tatu baada ya Ijumaa zilikwenda. Nililiandika kosa hilo daftarini jioni ileile, ukurasa mzima, kwa sababu daftari sijawahi kulidanganya. Ripoti ndiyo niliyoidanganya.

Jumanne baada ya chakula cha mchana mke wangu alinikuta nimesimama mbele ya fremu.

"Baba watoto, unakitazama hicho cheti kana kwamba kimekutukana."

Nikamweleza yote. Sikuwa nimemwambia kwa miaka sita, na wala sikuketi wakati wa kumwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kitambaa cha kufutia vyombo. Akakitazama kitambaa.

"Kwa hiyo kila Jumamosi nimekuwa nafuta vumbi kwenye uongo."

Nilikuwa na hotuba nzuri kuhusu wiki zile tatu za kazi, jinsi kazi yenyewe ilivyokuwa ya kweli hata kama sababu haikuwa. Nikaona haifai kumwambia mtu mwenye kitambaa mkononi.

"Na huyo kijana anataka kufanya ulichofanya wewe," alisema. "Halafu wewe unamwambia umesoma." Akacheka kidogo, cheko la kuniudhi. "Kesho sema ukweli. Ukirudi bila kusema, hicho cheti utakifuta vumbi mwenyewe."

Jumatano nilivaa koti langu la mahafali. Kamati ilikaa kwenye chumba kidogo kando ya seva, ambako skrini ya kusimamia mashine imewekwa ukutani na ubaridi wa kiyoyozi unapenya chini ya mlango. Walikuwepo Mkurugenzi, Injinia, Bi Mihuri kama mwenye rejista, na wajumbe wawili ambao kazi yao ilikuwa kuafiki. Orodha ya mashine tisa ilikuwa ukutani, kila moja na taa yake ya kijani. Juu kulikuwa na mstari mwekundu wa nafasi ya diski. Tatu kwa mia.

Injinia alieleza kwa ufasaha. Alieleza vizuri kiasi kwamba wajumbe wawili waliafiki kabla hajamaliza. Akasogeza kidole chake kwenye kitufe cha kufuta namba saba, akasema itachukua dakika moja.

Nikasimama. Sikusimama mbele ya skrini kama watu wa kwenye sinema. Nilisimama pembeni, palipokuwa na nafasi, nikasema kwamba kabla hajafuta namtaka afanye jaribio moja dogo. Atengeneze mashine ya kumi, tupu, isiyo na kazi. Aandike kitu ndani yake, aipige picha, aifute, kisha aturudishie kutoka kwenye picha. Akiirudisha, namba saba nitaifuta mimi mwenyewe kwa kidole changu na fomu nitaisaini mara mbili.

Injinia alitabasamu kwa heshima. Alisema ni kupoteza muda wa kamati, kwamba jambo hilo linajulikana, na kwamba kwa heshima zote mzee anaogopa kuiacha kazi. Mjumbe mmoja akaafiki.

Mkurugenzi alinitazama. Aliniuliza lile swali la ofisini tena, ila safari hii alilipanga vizuri zaidi.

"Mzee wangu, jambo hili umeliona likitokea, au umelisoma tu? Maana nimepitia ripoti zako zote. Hakuna mahali umewahi kupoteza mashine kwa namna hiyo."

Nilikuwa na nafasi ya kusema nimesoma. Kitabu kipo, ukurasa naujua. Ningebaki na jina langu. Namba saba ingeondoka na watu wake wote, kisha ningewaambia watu mitaani kwamba niliwaonya, na ningekuwa nasema kweli.

Nikafungua daftari la tatu.

"Hakuna mahali kwenye ripoti," nilisema. "Lipo hapa. Namba nne, miaka sita iliyopita, siku tatu za wodi. Haukuwa umeme. Nilikuwa mimi. Nilifuta mashine nikitegemea picha, na ripoti niliandika uongo."

Bi Mihuri, aliyekaa nami wiki zile tatu akiingiza majina mpaka vidole vikavimba, aligeuza kiti chake kizima kunitazama. Sikumkwepa. Nikausoma ukurasa wote, na saa, na dakika, na maneno niliyojiandikia mwisho, ambayo ni makali na sitayarudia hapa.

Nilipomaliza nikamwambia Mkurugenzi kwamba hatua atakayonichukulia ni haki yake na sitaipinga, ila nimemletea ushahidi kama alivyotaka, na umri nimeuacha nyumbani.

Akamgeukia Injinia, akamwambia afanye jaribio.

Mashine ya kumi ilikuwa tayari baada ya dakika saba. Ilikuwa ndogo, haikula nafasi ya maana. Mkurugenzi akataka mtu mwingine aandike kitu ndani yake, si mimi wala Injinia. Bi Mihuri akavuta kibodi, akaandika, "Nina foleni dirishani na mnanipotezea muda." Injinia akapiga picha. Tuliiona sote ikitokea chini ya mashine, imeandikwa tarehe na saa. Kisha akaifuta mashine. Taa ya kijani ikazimika, mstari ukatoweka kwenye orodha, na picha ikatoweka nao kwa pumzi moja.

Injinia alifungua orodha ya picha. Tupu. Akafungua sehemu nyingine. Akaingia kwenye diski yenyewe, akatafuta faili kwa jina. Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma upande wa pili wa ukuta. Alitafuta kwa dakika kumi nzima, shati lile la pasi likaanza kushika mgongo, na nilijua kila mahali atakapoangalia kabla hajaangalia, kwa sababu niliwahi kupita njia zile, moja baada ya nyingine.

"Sikujua," alisema mwishowe. Hakusema mfumo una tatizo, hakusema umeme. Kwa neno hilo moja alinizidi, mimi ilinichukua miaka sita.

"Basi sentensi yangu imepotea," alisema Bi Mihuri. "Na ilikuwa ya kweli."

Mjumbe aliyekuwa akiafiki akaafiki na hilo.

Mkurugenzi aliuliza kama ni hivyo, mashine zinazokaribia kusimama tuzifanyeje. Nikamwambia hakuna cha kufuta. Karatasi za pembeni zirudishwe ndani ya madaftari yake, mashine moja moja, tukianza na iliyo ndogo, kwa sababu kuunganisha nako kunahitaji nafasi, na kila moja ikimaliza inaachia nafasi kidogo kwa ile inayofuata. Ukianza na kubwa unajifungia ndani. Na ndogo kuliko zote ni namba saba.

Tulianza mchana uleule, mimi na Injinia, viti viwili mbele ya skrini moja. Namba saba ilichukua dakika arobaini. Mstari mwekundu ulirudi nyuma kidogo, kidogo sana. Tukaenda kwa namba tisa, namba mbili, tukala mikate tukiwa tumeshika vikombe mbali na kibodi. Ijumaa alasiri tulimaliza namba moja, ile kubwa. Nafasi ikawa hamsini na sita kwa mia. Kati ya mashine na mashine tulibishana kuhusu mambo mengi, na sikumwachia hata moja, wala yeye hakuniachia. Aliomba madaftari yangu ayapige picha kwa simu. Nikamwambia kwa picha ameshapata somo la kutosha, akae anakili kwa mkono. Alikaa. Mwandiko wake ni mbaya, lakini alinakili.

Diski ya akiba ilirudi kutoka getini siku hiyohiyo, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Niliinakilia mashine zote tisa kabla sijavua koti, kisha tukairudisha namba saba kutoka humo kwenye kompyuta ya majaribio, Bi Mihuri akamtafuta dereva wa lori, akampata. Kilo mbili kasorobo.

Jumatatu zilikuja barua mbili. Ya kwanza ilifuta agizo la kufuta namba saba, na kusema funguo zitachongwa seti ya pili, moja ibaki kwangu mpaka mkataba wangu uishe baada ya miezi sita. Ya pili ilikuwa onyo kali kwa kuandika ripoti ya uongo miaka sita iliyopita, na ilitaka nirudishe cheti cha mfanyakazi bora. Ilisainiwa na Mkurugenzi kwa mkono wake. Niliitafutia kosa la tahajia, nikakosa. Chini yake nikaandika, "Nimeipokea. Nakubali." Nikaipeleka nakala kwa katibu, naye safari hii aligonga muhuri bila kuambiwa.

Cheti nimekirudisha. Fremu sikuirudisha, kwa sababu mbao ni zangu na kioo nilikikata mwenyewe. Jioni nilipanda kiti, nikaitundika tena palepale juu ya kabati la vyombo, na ndani yake nikatia barua ya onyo.

Mke wangu alikuja akasimama chini yake, akaisoma yote polepole. Akaniuliza wageni watasema nini.

"Watasoma," nilimwambia.

Akachukua kitambaa, akafuta alama za vidole vyangu kwenye kioo.